Ile Moja Iliyobaki

Mchezaji wa bolingi apimwe kwa pini moja. Straiki, yaani kuziangusha zote kumi kwa tufe moja, ina shangwe yake na mimi siikatai, lakini straiki humjia hata mgeni aliyeingia ukumbini leo na viatu vya kuazima. Utamwona mtoto analisukuma tufe kwa mikono miwili kutoka katikati ya miguu, linajikokota mpaka watu wanaacha kulitazama, halafu pini zinaanza kulala moja baada ya nyingine hadi ya mwisho. Bahati haichagui. Pini moja iliyobaki imesimama peke yake, hasa ile ya kumi iliyojitenga kulia, ina tabia nyingine. Bahati inaweza kukuangushia leo. Kila fremu, jioni nzima, hapo anatakiwa fundi.

Naandika haya Buseresere. Ukitoka Geita mjini kuelekea magharibi unaingia Katoro, na kabla hujajua Katoro imeishia wapi tayari uko Buseresere: wilaya nyingine, ya Chato, ila bodaboda ni zile zile, na mazungumzo ni yale yale ya duara, yaani shimo la dhahabu, lililotema na duara lililogoma. Ukumbi wa bolingi hapa hakuna na sitegemei kuuona karibuni. Njia moja tu ya bolingi, ukijumlisha na pale mchezaji anapopiga hatua zake, inataka karibu mita 24 za sakafu isiyo na wimbi, mtambo wa kupanga pini nyuma yake, na umeme usiokatika katikati ya fremu. Kwa watu wa Afrika Mashariki mchezo huu umekuwa wa miji mikubwa na maduka makubwa: Village Market kule Gigiri, Nairobi; Garden City ya Kampala; Sea Cliff ya Dar es Salaam. Ndugu zetu walioko Ghuba wanaujua zaidi yetu. Mohammed Khalifa wa Falme za Kiarabu alichukua Kombe la Dunia la bolingi mwaka 1988, huko Guadalajara, Mexico. Sisi huku tuna pool, nayo nitaifikia.

Kwa asiyeujua mchezo: pini kumi hupangwa pembetatu, ncha ikimwelekea mchezaji. Ya mbele ni namba 1. Nyuma yake 2 na 3. Kisha 4, 5 na 6. Mstari wa mwisho ni 7, 8, 9 na 10, ukihesabu kutoka kushoto kwenda kulia. Kila pini ni mbao ngumu iliyovishwa plastiki, kimo chake sentimita 38, uzito kilo moja na nusu na kitu. Kati ya pini na jirani yake, ukipima katikati hadi katikati, kuna sentimita 30.5. Mchezaji hutupa kutoka nyuma ya mstari ulio mita 18.3 mbele ya pini ya kwanza, na tufe lake halizidi kilo 7.26. Mchezo ni fremu kumi, kila fremu mitupo miwili. Zikilala zote kwa mtupo wa kwanza ni straiki. Zikibaki kadhaa ukazimaliza kwa mtupo wa pili ni spea. Usipozimaliza, fremu yako imebaki wazi na kila mtu anaiona ubaoni.

Dharau ya pini moja huanzia kwenye hesabu. Mtu akiangusha tisa hujiambia amepata karibu zote, moja si kitu. Lakini spea hulipa 10 pamoja na idadi ya pini zitakazoangushwa na mtupo unaofuata. Wachukue wachezaji wawili wasiopata straiki hata moja mchezo mzima. Wote wawili kila fremu wanaangusha tisa na kubakiza moja. Wa kwanza anaikosa ile moja kila mara, anatoka na alama 90. Wa pili anaiokota kila mara, anapewa mtupo mmoja wa ziada mwishoni, nao anaangusha tisa. Huyu anatoka na 190. Hana nguvu kumzidi mwenzake, hana tufe zuri zaidi, na mtupo wake wa kwanza haukuwa bora hata mara moja. Alama mia nzima zimetoka kwenye mkia wa ng'ombe ambaye wote wawili walikuwa wameshamla.

Watu wa ukanda huu wa dhahabu hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe yake kwenye karasha na kuyaosha mwaloni kwa zebaki, anachoondoka nacho ni sehemu tu ya dhahabu iliyokuwamo. Mchanga unaobaki, marudio, bado una mali. Anayejua hulinunua lundo lile, hulilowesha kwa sainaidi kwenye matangi, hunasa dhahabu kwa kaboni, na wapo waliojenga kwa marudio huku mwenye duara akiendelea kupanga chumba. Spea ni marudio ya bolingi. Sehemu kubwa ya wachezaji wanaishia mwaloni.

Kinachouma zaidi ni kwamba pini moja mara nyingi hubaki baada ya mtupo mzuri. Mtupo mbovu huacha fujo, tatu huku na mbili kule, na mwenye mtupo anajua alichokifanya. Mtupo mzuri huacha moja na hautoi maelezo. Mchezaji wa mkono wa kulia hulenga upenyo ulio kati ya pini ya 1 na ya 3, wenyewe wanauita mfuko. Tufe likiingia mfukoni sawasawa, lenyewe linagusa pini nne tu: 1, 3, 5 na 9. Sita zilizobaki zinaangushwa na pini wenzao. Ya 1 inaipiga 2, ya 2 inaipiga 4, ya 4 inaipiga 7. Upande wa pili ya 3 inaipiga 6, nayo 6 inaipiga 10. Ya 5 inaondoka na 8. Yote hayo ni kufumba na kufumbua, na kila pini lazima iondoke kwa pembe yake. Mmoja akikosea njia, aliye nyuma yake anabaki amesimama.

Watafiti wa chama cha bolingi cha Marekani wamepima na kuona kwamba tufe likiingia mfukoni kwa pembe ya nyuzi 6 hivi, nafasi ya straiki inakuwa kubwa kuliko kwa pembe nyingine. Njia yenyewe ina upana wa sentimita 105. Ukitupa mstari mnyoofu, hata ukianzia ukingoni kabisa, hupati hata nyuzi 2. Ndiyo maana mafundi hulizungusha tufe kwa vidole wakati wa kuliachia. Linateleza kwenye mafuta yaliyopakwa sehemu ya mbele ya njia, linafika pakavu, linashika sakafu na kukunja kuingia mfukoni. Mafuta hayo hayaonekani kwa macho na yanahama kadiri matufe yanavyopita juu yake, kwa hiyo njia uliyoianza jioni si njia unayoimaliza. Fundi huisoma sakafu kwa kuangalia tu tufe linafanya nini.

Na huisoma pia kwa pini iliyobaki. Hapa ndipo heshima yangu kwa watu hawa ilipoanzia.

Ichukue ya 10. Tufe limeingia mfukoni, mlio umetoka vizuri, mchezaji ameshaanza kugeuka arudi kwa wenzake. Ya 6 imeruka ikitakiwa kuipiga 10 tumboni. Badala yake inapita mbele ya shingo yake, inagonga ukuta wa pembeni, inaanguka kando. Ya 10 haikutikisika. Siku nyingine inabaki ile ile ya 10, lakini safari hii 6 haikuruka popote. Imeanguka kwa ulegevu ikajilaza kwenye mfereji ulio kando ya njia, chini ya miguu ya 10. Kwenye ubao matokeo ni yale yale: tisa. Mtazamaji anaona bahati mbaya ileile mara mbili. Fundi anaona habari mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza inamwambia kwamba tufe limefika na nguvu zake na kosa lake ni la upana wa ukucha. Asihangaike, abaki alipo, pengine aguse mwendo kidogo. Ya pili inamwambia kwamba tufe limemaliza nguvu njiani, pini ya 1 ikalisukuma kando, na huenda pale linapopita mafuta yameanza kuisha. Hilo ni onyo. Asipohama, mtupo ujao utaacha mbili au tatu. Kwa hiyo pini zinapopasuka, macho ya fundi yako kwenye 6. Ya 10 ataiona tu, haikimbii.

Ya 8 na ya 9 ni dhuluma tupu. Unaingia mfukoni kwa kishindo, pini zinatawanyika, na katikati ya mstari wa nyuma imebaki moja imenyooka. Ya 8 hubaki pale 5 inapoondoka kwa pembe isiyo yake ikaipita pembeni. Ya 9 hubaki pale tufe linapokuwa na nguvu kupita kiasi: lilitakiwa lisukumwe kidogo kulia na pini linazozipiga, halikusukumwa, likapita kushoto kwa 9 ambayo ilikuwa kazi yake lenyewe. Sijui michezo mingi inayomwadhibu mtu kwa kufanya vizuri mno, na hapa siutetei mchezo. Ni uonevu, basi.

Ya 4 hubaki tufe likiipiga 1 usoni kuliko inavyotakiwa. Ya 7 hubaki 4 ikiizunguka shingo, vilevile 6 inavyoifanyia 10 upande wa pili. Ya 5 ndiyo aibu. Imo katikati ya pembetatu, na ikibaki peke yake maana yake ni kwamba tufe lilifika limelegea, likasukumwa kando, likapita bila kuigusa pini iliyokuwa mbele yake. Aliyeacha 5 hana wa kumlaumu, na wenzake kwa adabu hutazama simu zao. Kwa wanaotumia mkono wa kushoto yote hugeuka, na 7 inakuwa ndiyo 10 yao. Rafael Nepomuceno wa Ufilipino, mtu wa mkono wa kushoto aliyechukua Kombe la Dunia mara nne, la kwanza likiwa Tehran mwaka 1976 akiwa na miaka 19, ameishi maisha yake yote ya mchezo akiangaliana na 7.

Sasa kuiokota. Mtambo unashuka, unaishika 10 shingoni, unaiinua. Ufagio unazoa zilizolala. Pini inarudishwa palepale ilipokuwa. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya vijana waliokaa juu ya kizingiti nyuma ya pini, wakishuka kupanga na kuwahi kupanda kabla ya tufe lingine. Mtambo uliobuniwa na Gottfried Schmidt ulionyeshwa hadharani na kampuni ya AMF mwaka 1946 huko Buffalo, Marekani, na baadaye ukawaondoa vijana wale kazini. Wakati mtambo unafanya yake, mchezaji anasubiri tufe lirudi. Muda huo mfupi humharibu mtu. Amenyimwa straiki aliyoistahili, na damu inamwambia alipeleke tufe linalofuata kwa hasira zote. Wengi huisikiliza damu hiyo.

Pini ya 10 haitaki hasira, inataka vipimo. Katikati yake ni sentimita 7 tu kutoka ukingo wa mfereji. Tufe lina kipenyo cha sentimita 21.6, pini penye unene wake mkubwa ina 12.1. Pini iliyo katikati ya njia inakubali kupigwa upande wowote, na tufe lina nafasi ya karibu sentimita 34 ya kupita na bado likaigusa. Kwa 10, upande wa kulia mfereji umeimeza sehemu ya nafasi hiyo. Zinabaki kama sentimita 24. Hizo 24 ziko mita 19 mbele yako. Dirisha lote, kutoka mguso mwembamba wa kushoto hadi ukingo wa mfereji, halifiki nyuzi moja.

Kuna lingine baya zaidi. Kule kukunja kwa tufe, silaha iliyojengwa kwa miaka, humpeleka mtu wa mkono wa kulia kuelekea kushoto. Yaani kila anachokijua kinamtoa kwenye 10. Ili kuiokota pini moja inabidi auache ufundi wake mkubwa na kuuvaa mdogo. Wengi hubeba tufe la pili kwa kazi hiyo tu, la plastiki ngumu lisiloishika sakafu. Anasimama kushoto kabisa, anageuza mabega yaelekee pini ile, na kulipitisha tufe mshazari njia nzima. Kiganja kinabaki nyuma ya tufe mpaka mwisho. Vidole havizungushi kitu. Hatua ni zile zile, mwendo ni ule ule. Na macho hayako kwenye pini. Sakafuni, karibu mita 4.5 kutoka mstari wa kutupia, imechorwa mishale saba. Mchezaji hulenga mshale, au ubao mmoja kati ya mbao 39 za njia, kila ubao una sentimita 2.7, kwa sababu ni rahisi kulenga kilicho karibu kuliko kilicho mbali. Ukiushikilia mshale uleule ukauhamisha mguu mbao chache kushoto, tufe litaishia mbali zaidi kulia. Mafundi wana hesabu zao za kuhama mbao 3, 6 au 9 kulingana na pini iliyobaki, na kila mmoja huirekebisha mpaka ikubaliane na mkono wake.

Ukitazama haya kwa mara ya kwanza utaona hakuna cha kutazama. Tufe halikunji, halingurumi, linakwenda tu. Linapita katikati ya njia, linaukaribia mfereji wa kulia kiasi cha kukutia wasiwasi, na likiwa bado na nafasi kidogo linaigusa pini, nayo inatoka. Mlio mmoja mkavu. Hakuna anayepiga makofi. Mchezaji anafuta mikono na kukaa. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya kutazama straiki sita mfululizo na kutazama mtu anaokota 10 sita mfululizo, nitavuta kiti kwa huyu wa pili.

Hapa ndipo Buseresere inapoingia. Meza za pool ziko chini ya mabati kando ya barabara, na jioni zinazungukwa na watu wa maduarani, wa dukani na wa bodaboda. Kila mchezaji ana mipira saba ya kuingiza kabla ya nyeusi. Sita si kazi. Ukishakuwa na jicho unaiingiza. Kazi ni ule wa saba uliolala umejibana ukingoni, mbali na kona, ambao mwenzako ameshausherehekea kama kwamba ameuingiza yeye. Yupo kijana mmoja ninayependa kumtazama. Mpira ukiwa hivyo hapigi kwa nguvu. Anaizunguka meza, anapaka chaki, anainama, anainuka tena akaangalie upande wa pili. Kisha anaupeleka ule mweupe uguse ukingo na mpira kwa wakati mmoja, polepole, na mpira unateleza umeshikana na ukingo mpaka shimoni. Mwendo ukizidi kidogo, kona inautema. Ni shida ileile ya 10: kitu kilichojificha ukingoni, ambacho kosa la upande mmoja lina nafasi na la upande mwingine halina kabisa.

Nilimwonyesha kijana huyo kwenye simu kipande cha filamu cha mwaka 1970, fainali ya Firestone Tournament of Champions mjini Akron, Ohio. Don Johnson anacheza na Dick Ritger. Mchezo kamili ni straiki 12 mfululizo, alama 300, na Johnson ameshapata 11. Anatupa la mwisho. Tufe linaingia mfukoni, pini zinalala, ya 10 inabaki imesimama. Johnson anaanguka sakafuni kifudifudi mbele ya watu na kamera.

"Unaonaje, mdogo wangu?" nikamuuliza. "Kakosea wapi?"

Akairudisha nyuma, akaitazama tena, simu ameiweka karibu na uso.

"Hajakosea, kaka. Kapiga kama zile zingine. Imekataa tu."

"Ungekuwa wewe?"

"Ningeomba nipewe tufe nyingine niimalizie."

Hapo ndipo nilipomweleza kwamba tufe lingine halikuwapo. Fremu ya kumi humpa mchezaji wa straiki mitupo mitatu, na ule ulikuwa wa tatu. Johnson alikuwa ameachiwa pini moja, na alikuwa mtu wa kuiokota, lakini kanuni zilikuwa zimeshafunga. Kijana akacheka kwa uchungu, akasema huo mchezo hauna huruma, akarudi mezani kwake. Johnson alishinda fainali ile kwa 299 dhidi ya 268. Ametajwa miaka yote hii kwa ajili ya ile moja iliyobaki, na nadhani 300 isingemfikisha hapo.

Upande wa pili wa habari hiyo yuko Walter Ray Williams Jr., Mmarekani mwenye mataji 47 ya ligi ya kulipwa na tuzo saba za mchezaji bora wa mwaka. Wapo waliomzidi kwa tufe la kukunja na kwa kishindo. Yeye alisifika kwa kumaliza kazi. Tangu utotoni aliitwa jina la mtu asiyekosa shabaha, na jina hilo hakulipata kwenye bolingi, alilipata kwenye mchezo wa kurusha viatu vya farasi kwenye kigingi, ambao nao alikuwa bingwa wa dunia mara sita. Ukikutazama kule kurusha unaelewa: mkono mmoja, njia ileile kutoka begani hadi vidoleni, kigingi kimoja kimesimama mbali. Alikuwa akiokota pini ya 10 kabla hajaijua.

Simlaumu anayependa straiki. Ukumbi wote ungekuwa wa waokotaji pini, watu wangesinzia na mwenye ukumbi angefunga biashara. Lakini naomba tupunguze kumwita fundi kila aliyepiga kelele kubwa. Mezani kwetu hapa tumeshajifunza hilo. Hakuna anayemheshimu mtu aliyeingiza sita akashindwa wa saba, hata kama hiyo sita aliiingiza kwa mbwembwe.

Basi, msomaji, siku ukiwa Nairobi au Kampala ndugu zako wakakuvuta ukumbini, nenda. Vaa viatu vyao vya kuazima, chukua tufe la plastiki ambalo bega lako linalimudu, usione haya kuchukua jepesi. Straiki ikija, furahi. Ya 10 ikibaki, usiharakishe. Hama ukasimame kushoto kabisa, elekeza mabega yako kwake, chagua mshale wa katikati, uuangalie huo mpaka tufe litoke mkononi, na usiongeze nguvu hata kidogo. Ukiikosa, waachie waandike 9, kaa chini, umpishe anayefuata.